Nyonga ya bandia ya mama imeanza kuuma, majibu ya eksirei yanataja "mstari mweusi". Tupige CT scan au MRI?

Binti wa Tandika:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Naomba msaada wa wanaoelewa mambo ya picha za hospitali. Mama yangu ana miaka 66, mwalimu mstaafu, naishi naye Tandika. Mwaka 2014 alibadilishiwa nyonga ya kulia hapa hapa Dar, ile inayoshikizwa kwa saruji, baada ya nyonga yake kusagika kwa muda mrefu. Alipona vizuri. Sokoni anakwenda kwa miguu, daladala anapanda mwenyewe, darsa la Jumamosi hakosi.

Tangu kabla ya Ramadhani ameanza kulalamika upya. Siyo maumivu ya kutwa. Akikaa kitambo halafu akanyanyuka, zile hatua za kwanza ndizo zinamtesa. Anashika meza, anasimama kidogo, akishaanza kutembea yanapungua. Ukimwambia aonyeshe panapouma anaweka kiganja katikati ya paja kwa mbele. Homa hana, kovu lake limetulia miaka yote, uvimbe hakuna.

Tulipiga eksirei. Majibu yanasema kuna mstari mweusi kati ya saruji na mfupa, "maeneo ya Gruen 1, 2 na 7", halafu mwisho wameandika "linganisha na picha za awali". Kwenye zahanati ya karibu wakasema ni baridi ya mifupa, wakampa dawa za maumivu na dawa za kuua vijidudu. Daktari mwingine ametaja CT scan. Shemeji yangu anataka tuchange tupige MRI kwa sababu ndiyo inayoonyesha kila kitu. Jirani naye ametutia hofu, anasema MRI ni sumaku, itakivuta kile chuma kitoke.

Pesa ya kupiga vipimo vyote hatuna. Tuanzie wapi? Na huo mstari mweusi ndiyo nini?

Chumba cha Giza:

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, mpiga picha, si daktari wa upasuaji. Nimeanza kazi enzi za kusafisha filamu kwa maji ya dawa kwenye chumba cha giza, na nyonga za bandia ni picha ninazozipenda kuliko zote kwa sababu zinahitaji uangalifu. Kwa hiyo vumilia, nitaandika kirefu.

Hilo neno la mwisho kwenye majibu yenu, kulinganisha na picha za awali, ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyotangulia. Kabla hamjachangishana shilingi moja ya MRI, tafuteni eksirei za zamani. Ile aliyopigwa siku chache baada ya upasuaji wa 2014, na nyingine yoyote ya miaka iliyofuata. Hicho ndicho kipimo kilicho bora kwa mama yako leo, na huenda mmeshakilipia.

Sasa nikueleze huo mstari. Kwenye eksirei chuma kinatoka cheupe kabisa. Saruji nayo inatoka nyeupe, maana inachanganywa na dawa inayozuia mionzi ili ionekane. Mfupa ni wa kijivu. Saruji ikiwa imeshikana vizuri na mfupa, weupe unaingia kwenye kijivu bila nafasi. Mwili ukianza kujenga utando laini katikati yao, ule utando hauzuii mionzi, unaonekana kama mstari mweusi unaofuata ukingo wa saruji.

Lakini mstari peke yake hausemi kwamba nyonga imelegea. Mstari mwembamba, chini ya milimita 2, uliokuwepo tangu mwanzo na haujabadilika, watu wengi wanaishi nao bila shida. Unaotutia wasiwasi ni ule unaofika milimita 2 au kuzidi, au unaozunguka saruji yote, au ule ambao mwaka huu ni mpana kuliko ulivyokuwa. Unaona kwa nini picha moja haitoshi? Picha moja haina jana.

Hizo namba za Gruen ni ramani tu. Ile nondo ya chuma inayoingia ndani ya fupapaja, sisi tunaiita stemu. Tangu 1979 wasomaji wa picha wanagawa mfupa unaoizunguka katika maeneo 7, wanaanzia juu upande wa nje wa paja, wanashuka 1, 2, 3, ya 4 iko kwenye ncha chini, halafu wanapanda upande wa ndani 5, 6, 7. Kwa hiyo majibu yenu yanasema mstari uko juu pande zote mbili na katikati kwa nje. Chini, kwenye ncha, hawakuutaja. Kikombe cha upande wa kiuno, ambamo tufe ya juu ya stemu inazunguka, nacho kina maeneo yake 3, na hapo hawakuandika kitu.

Na maelezo yako ya maumivu yana maana. Maumivu ya paja yanayokuja mtu anaponyanyuka na kupungua akishatembea, madaktari wa mifupa huyahusisha na stemu. Tatizo la kikombe mara nyingi linauma kwenye kinena. Si sheria isiyovunjika, ila lieleze hivyo hivyo kwa daktari, pamoja na kile kiganja katikati ya paja. Usimwambie tu "mguu unauma".

Mkipata picha ya zamani, kuna mambo matatu yatakayoangaliwa. La kwanza nimeshalisema, upana wa mstari. La pili ni kama stemu imezama. Msomaji anachagua alama kwenye mfupa, kwa kawaida ncha ya juu ya lile nundu la fupapaja unaloweza kulishika kwa nje ya nyonga, na alama kwenye stemu, anapima umbali kati yake kwenye picha zote mbili. La tatu ni kama ile tufe ya juu bado imekaa katikati ya kikombe. Kikombe cha plastiki kikilika, tufe inasogea juu na nje, na unaiona kwa macho, plastiki ya juu imekuwa nyembamba kuliko ya chini. Hilo lina hatari ya pili, maana chembe za plastiki iliyosagika zinauchokoza mwili hadi mwili wenyewe unaanza kuula mfupa. Yale mashimo hayaumi mpaka yamekuwa makubwa, ndiyo sababu mtu mwenye nyonga ya bandia anatakiwa apigwe eksirei mara kwa mara hata akiwa mzima.

Katika kupima kuna ugumu. Eksirei hukuza, na haikuzi kiasi kilekile kila siku, inategemea unene wa mtu na umbali wa mashine. Milimita za picha ya 2014 si lazima ziwe sawa na za mwaka huu. Ila tufe ya chuma ina kipimo kinachojulikana, kuna za milimita 22, 28, 32, 36. Tukijua ya mama ni ngapi, tunaitumia kama rula iliyo ndani ya picha yenyewe. Kipimo hicho kiko kwenye zile stika ndogo zinazobandikwa kwenye faili siku ya upasuaji, zenye jina la kiungo, saizi na namba ya toleo. Ombeni nakala. Stika hizo zinasaidia pia kwa jambo lingine, kuna stemu laini zilizotengenezwa ziteleze kidogo ndani ya saruji yake, milimita 1 au 2 miaka ya mwanzo, na hilo si ugonjwa. Daktari lazima ajue anatazama stemu ya aina gani.

Ombi langu lingine, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila wiki: hakikisheni eksirei mpya inaonyesha stemu YOTE. Zinakuja picha za nyonga zimekatwa katikati, ncha ya chini haipo, plagi ya saruji, kile kizibo cha chini kinachoizuia saruji isishuke, haipo. Mfupa unaweza kuwa na ufa palepale kwenye ncha na hakuna atakayeuona. Mgonjwa amelipa, amepanda bajaji kwenda na kurudi, amepata mionzi, na swali limebaki palepale.

Mgonjwa wa Seli Mundu:

Da Tandika, pole sana. Mimi ni kijana wa Gongo la Mboto, nyonga yangu ya kushoto ilikufa kwa ajili ya seli mundu, nikabadilishiwa. Naongezea kitu kimoja ambacho mzee hapo juu hajafika: eksirei safi haimaanishi hakuna maambukizi.

Mimi yangu ilikuwa tofauti na ya mama yako. Ilikuwa inauma usiku nimelala, inauma mchana nimekaa, haichagui. Eksirei ikasomwa, kila kitu kipo mahali pake. Nikarudishwa nyumbani na vidonge. Hospitali ya pili ndiyo walipima damu, CRP, kile kipimo kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, ikawa juu sana. Daktari akanieleza kwamba kile kipimo kingine cha ESR kwa mtu wa seli mundu kinaweza kushuka hata kama kuna ugonjwa, kwa sababu chembe zetu zilizopinda hazishikamani na kuzama kama za wengine. Kwa hiyo akaiamini CRP.

Halafu wakanipeleka chumba cha utrasaundi. Daktari aliweka kile kifaa cha baridi kwenye kinena, nikageuza shingo nikaona kwenye skrini doa jeusi mbele ya chuma, akasema hayo ni majimaji. Akachoma ganzi, akapitisha sindano ndefu huku anaitazama kwenye skrini, akavuta. Yalitoka ya rangi ya chai ya maziwa. Yakapelekwa maabara yakaoteshwa, na kuanzia hapo nikatibiwa kwa jina la mdudu mwenyewe. Picha zote za ghali zisingeweza kumtaja yule mdudu.

Naandika hivi kwa sababu umesema mama amepewa dawa za kuua vijidudu na zahanati. Hilo limenishtua.

Chumba cha Giza:

Ahsante sana kijana wangu, na Mungu akuzidishie afya. Umesema jambo nililotaka kulifikia.

Binti, hizo dawa za kuua vijidudu mwambie daktari wa mifupa leo hii, taja jina lake na mama ameanza lini. Mtu akinyonywa majimaji ya nyonga huku anameza dawa hizo, maabara inaweza kushindwa kuotesha kitu hata kama wadudu wapo. Kwa kawaida wanapenda mgonjwa awe ameziacha wiki 2 au zaidi kabla ya sindano. Msiziache wala kuziendeleza kwa ushauri wa hapa, ni uamuzi wa daktari, lakini lazima ajue. Na kipimo cha CRP ni damu kidogo tu, bei yake huwezi kuilinganisha na MRI. Hata mtu asiye na homa hupimwa, maana kuna maambukizi ya polepole yanayofanana kabisa na kulegea kwa kawaida, na upasuaji wake ni tofauti.

Sasa CT na MRI. CT scan ni eksirei ya vipande vipande, nzuri sana kwa maswali ya mfupa. Shimo lililoliwa nyuma ya kikombe lina ukubwa gani, kuna ufa, kikombe kimegeukia wapi. Kazi yake kubwa ni kumsaidia daktari aliyekwisha kuamua kufungua. Chuma kinaisumbua, kinameza mionzi na kuacha miale myeupe na myeusi kama jua linalopenya makuti, na kinachotafutwa kinajificha humo. Kuna mbinu za kupunguza, tunaongeza nguvu ya mionzi, na mashine nyingi za sasa zina programu ya kusafisha miale. Uliza kabla ya kulipa: mashine yenu ina programu ya kupunguza athari za chuma?

MRI inasomea vizuri nyama, misuli, majimaji, mifuko ya uvimbe. Jirani mwambieni asiwe na hofu. Nyonga za bandia kwa kawaida hutengenezwa kwa titani, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, au chuma kisichoshika kutu, na zimeshika ndani ya mfupa, sumaku haizing'oi. Sharti ni kuwaambia wahusika kabla mama hajaingia chumbani, na kuwaambia kama ana kifaa kingine mwilini, hasa cha moyo. Shida ya MRI ni nyingine: chuma kinavuruga sumaku na kuacha shimo jeusi kwenye picha, palepale panapoulizwa. Hapa watu huishangaa: mashine yenye nguvu kubwa ya 3 Tesla inavurugwa zaidi kuliko ya 1.5. Kwa nyonga ya chuma, ya 1.5 yenye mpangilio maalumu wa kupunguza athari za chuma ndiyo mnayoitaka. Ikipigwa kama MRI ya kawaida ya mgongo, mtapewa bahasha nzuri na picha isiyosomeka.

Kwa mama yako, mwenye maumivu ya paja na mstari pembeni ya saruji, mimi sioni MRI ikiwa ya kwanza. Wala ya pili.

Mkazi wa Kimara:

Samahani naingilia. Mjomba wangu alifanyiwa nyonga India mwaka 2008, aliambiwa ni chuma kwa chuma, hakuna plastiki. Haumwi. Na yeye anahitaji picha?

Chumba cha Giza:

Ndugu, huyo ndiye ninayempa MRI bila kusita, hata kama haumwi. Chuma kikisuguana na chuma kinatoa kobalti na kromiamu, na kwa baadhi ya watu nyama za pembeni zinaharibika, panajitokeza uvimbe wa majimaji unaofanana na saratani lakini siyo saratani. Eksirei inaweza isionyeshe chochote. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR duniani kote, na mwaka huohuo mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu nyonga za chuma kwa chuma. Atafute karatasi za India ajue alipewa ya aina gani, aende kwa daktari wa mifupa, aulizie kipimo cha kobalti na kromiamu kwenye damu pamoja na MRI yenye mpangilio wa chuma. MRI isipopatikana, utrasaundi ya mtu mzoefu inaweza kuuona uvimbe huo.

Fiziotherapia Temeke:

Habari za jioni. Mimi natoa mazoezi ya viungo, naomba niseme mawili kwa usalama wa mama wakati mnasubiri.

Kama stemu imelegea kweli, mfupa unaoizunguka umedhoofika, na akianguka unaweza kuvunjika pembeni ya chuma. Huo ni upasuaji mgumu kuliko kubadilisha stemu iliyolegea. Kwa hiyo atumie gongo, alishike mkono wa KUSHOTO kwa kuwa nyonga mbovu ni ya kulia. Wengi wanalishika upande unaouma, halisaidii. Daladala aache kwa sasa, ngazi yake ya kwanza iko juu mno, na bodaboda asipande kabisa. Na tafadhali msimpeleke kwa wachua viungo. Nimepokea wagonjwa waliovutwa mguu "ili kiungo kirudi", nyonga ya bandia ikachomoka.

La pili, mwombeni daktari aukague na mgongo. Maumivu ya paja kwa mbele yanaweza kutoka kwenye mishipa ya fahamu ya kiunoni, na mtu mwenye umri wa mama anaweza kuwa na yote mawili.

Binti wa Tandika:

Jamani nashukuru mno, nimewasomea mama yote na yeye anawaombea dua.

Tumepekua kabati. Picha ya siku za upasuaji haipo, lakini tumepata filamu ya 2015 kwenye bahasha ya kaki, imejikunja pembeni lakini nyonga inaonekana. Cheti cha kuruhusiwa kina stika mbili, moja imeandikwa 28 mm. Nimempigia daktari wa mifupa kuhusu zile dawa, amesema zisimamishwe na ameandika CRP na ESR tuzifanye kesho. Miadi ni wiki ijayo.

Maswali mawili tu mzee wangu. Naweza kumtumia daktari ile filamu kwa WhatsApp nikiipiga picha dirishani? Na nimesikia hospitali ya saratani ya Ocean Road wana kipimo cha mifupa cha kuchomwa dawa ya nyuklia, kinafaa?

Chumba cha Giza:

28 mm, vizuri sana. Hapo rula tumeipata.

Filamu ipelekeni yenyewe, mkononi. Ukiipiga kwa simu, simu ikiinama kidogo tu vipimo vyote vinapotoka, na mwanga wa dirisha unaumeza mstari wa milimita 1. Iwekeni kati ya makaratasi mawili magumu, msiiviringishe, na msiiweke chini ya godoro, joto la Dar linafanya filamu zinatane. Eksirei mpya iombeni kwenye CD, siyo karatasi iliyochapishwa.

Kipimo cha nyuklia kinafaa, ila kwa wakati wake. Dawa inakimbilia mahali mfupa unapojengwa kwa kasi, kwa hiyo nyonga mpya inawaka hata ikiwa nzima, mwaka mmoja na zaidi, na zisizo na saruji hata miaka 2 au kupita hapo. Ya mama ni ya zamani, huo mkanganyiko haupo. Kikitoka kimetulia kabisa, kulegea kunakuwa jambo la mbali. Kikiwaka, hakitenganishi vizuri kulegea na maambukizi, mtarudi kwenye CRP na sindano. Daktari akishalinganisha 2015 na sasa akaona mstari umepanuka au stemu imeshuka, hamtakihitaji. Akibaki na shaka, ndipo mkiulizie.

Na kwenye fomu ya eksirei mpya mwombe daktari aandike wazi: nyonga zote mbili kwa mbele kwenye picha moja, ya kulia kwa ubavu, stemu nzima mpaka chini ya ncha ya saruji. Mama avue vitenge vyenye pini, na anayepiga mwambieni kwamba picha inalinganishwa na ya 2015, mmuonyeshe ile filamu ili aupange mguu vilevile, vidole vimegeukia ndani kidogo. Mguu ukigeukia nje, stemu inaweza kuonekana imeinama hata kama imekaa sawa.

Binti wa Tandika:

Nimeyaandika yote kwenye daftari la mama, yeye mwenyewe amenisahihishia herufi. Kesho asubuhi tunaanza na damu, tukitoka hapo tunapiga eksirei mpya, na filamu ya 2015 naibeba mimi. Majibu ya CRP yakitoka nitayaweka hapa.